Safu ya Pili

Daftari langu lina safu tano.
Ya kwanza tarehe, ya pili jina,
na hiyo ya pili ndiyo nyongeza ya mshahara wangu
hapa Ayvalık, kwa daktari wa wanyama,
mkabala na kinu cha mafuta.

Mji wa zeituni huu, basi usishangae:
nikiita "Zeytin!" mlangoni
vinainuka vichwa saba,
vitano vya paka, kimoja cha kobe,
na cha saba ni cha binti wa mwokaji,
ambaye naye alipewa jina na babu mvivu wa kufikiri.

Bi Ferhunde ana paka mweupe pee.
Anamwita Kömür, yaani makaa.
"Ili asijivune," alinieleza.
Jina jema hung'ara gizani, walisema wahenga;
huyu anang'ara mwenyewe,
jina ndilo linalomtia masizi.

Mapacha wa mwalimu Nurettin waligombania mtoto wa mbwa
siku tatu, huyu akitaka Simba, yule akitaka Ndizi.
Mama yao akakata shauri: Simba Ndizi, jina na ukoo.
Kwenye cheti cha chanjo linasomeka kama la mbunge.

Bwana Halis hawapi kuku wake majina.
Alimpa mmoja tu, mwaka juzi: Gülizar.
Mpaka leo Gülizar anazeeka uani,
hatagi, hachinjiki.

Lakini kisa ni cha Rasim, fundi mabomba.
Aligombana na muhtar, mwenyekiti wa mtaa,
kwa ajili ya taa moja ya barabarani.
Hakwenda mahakamani. Alikwenda jalalani,
akaokota mbwa mwenye masikio yasiyolingana
na mkia kama kamba ya kiatu,
akamwita Muhtar.

Ikawa kila jioni, madirisha wazi:
"Muhtar, shuka kwenye kochi!"
"Muhtar, umekula tena kisicho chako?"
"Muhtar, acha kuikojolea hiyo nguzo,
taa yenyewe haiwaki!"

Muhtar wa watu, Bwana Vehbi, hakutia neno.
Wiki ya pili akanijia na tundu,
ndani kasuku wa kijani, jicho kama la mdai.
"Jina?" nikauliza, kalamu mkononi.
"Rasim," akajibu, akanitajia herufi moja moja
nisije nikakosea.
"Namfundisha sentensi moja tu."

Siku ya chanjo wakakutana kwangu.
Niliita "Muhtar!" wakasimama wawili,
mmoja akitikisa mkia.
Niliita "Rasim!" fundi akasema "Naam,"
na tundu likajibu, kwa sauti yake ileile ya simu:
"Nakuja kesho asubuhi!"

Bi Ferhunde alimwangusha Makaa kwa kucheka.
Rasim alikodolea dari macho.
Bwana Vehbi aliuma masharubu, akayauma,
kisha yakamponyoka.

Taa inawaka sasa. Bomba la Bwana Vehbi halivuji.
Majina yamebaki palepale.
"Mbwa keshazoea," anasema Rasim,
"utamvunjia heshima."

Na mimi, ninayewacheka wenzangu?
Paka wangu nilimwokota kwenye mvua,
nikasema, jina nitamfikiria kesho.
Miaka tisa hiyo.
Juzi daktari alichungulia daftari,
akakuta kwenye safu ya pili, kwa mwandiko wangu: Yarın.
Kesho.
Hakuniuliza kitu. Alinigongea muhuri.

Kila usiku nasimama mlangoni na kisahani cha dagaa,
nikiita Kesho, Kesho,
naye yuko juu ya ukuta wa jirani,
ananitazama,
haji.

Asubuhi kisahani kimerambwa mpaka kinang'aa.